Uzito na Msongamano

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kijitabu cha elimu ya falaki kwa ajili ya wanafunzi wa skuli. Nilikubali bila ya kusita, kwani aliyejifunza mwenyewe huona haya kukataa kazi asiyoijua. Ndani yake mlikuwa na sura moja kuhusu galaksi zinazozaa nyota kwa wingi usio wa kawaida, na gesi inayozilisha. Gesi hiyo niliiita "nzito". Galaksi zenyewe nikaziita "galaksi za mlipuko wa nyota". Kijitabu kikachapishwa.

Baadaye nilialikwa kusoma mashairi katika skuli moja ya shamba. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Maalim," akaniuliza, "ikiwa gesi ile ni nzito, mbona haianguki?" Nami si maalim, skuli niliiacha mapema. Nilijibu maneno yasiyo kichwa wala miguu, wenzake wakamcheka, naye akakaa kitako kimya. Usiku ule sikupata usingizi, maana yeye ndiye aliyechekwa, ilhali kosa lilikuwa langu.

Kilichonighuri ni mazoea ya lugha. Twasema uji mzito, wala hatukusudii ratili zake. Twasema ukungu mzito, na ukungu hauna mtu aliyeupima kwa mizani. Lakini mtoto akisikia gesi nzito hafikirii uji, hufikiria jiwe. Nilipoanza kusoma upya, nikaona kuwa jambo lenyewe ni la ajabu zaidi. Katika hewa tuivutayo, kila sentimita moja ya ujazo ina molekuli zipatazo bilioni 25 mara bilioni. Katika gesi ile ya mbinguni idadi huanzia makumi ya maelfu tu. Kwetu sisi huo ungekuwa utupu. Ila sehemu kubwa ya anga iliyo baina ya nyota ina wastani wa chembe moja hivi kwa kipimo hicho hicho. Kwa hivyo gesi hiyo imesongamana kwa kulinganishwa na majirani zake.

Tena haionekani kwa urahisi. Haidrojeni baridi, ambayo ndiyo sehemu yake kubwa, ni kama bubu. Wanafalaki husikiliza molekuli nyengine zilizochanganyika nayo, hasa sianidi ya haidrojeni, ile sumu kali, ambayo hutoa mawimbi yake ya redio kwa nguvu pale inapobanwa na kugongwa mara kwa mara. Mwaka 2004 Yu Gao na Philip Solomon walitoa matokeo ya uchunguzi wa galaksi 65. Walikuta kuwa kadiri sauti ya sianidi inavyozidi, ndivyo nyota changa zinavyozidi, karibu sawa kwa sawa. Galaksi yaweza kuwa na gesi tele na isizae sana. Kinachozaa ni ile iliyosongamana.

Mfano wake ulio karibu ni NGC 253, galaksi aliyoiona Caroline Herschel mwaka 1783. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 11, na jioni za Novemba, kukiwa na giza la kutosha, hata kutoka fukwe zetu huonekana kwa darubini ndogo ya mkono kama doa refu la ukungu. Mwaka 2018 wanafalaki waliotumia darubini za redio za ALMA, katika jangwa la Atacama nchini Chile, walieleza makundi 14 ya nyota changa katika kitovu chake, yakiwa bado yamefunikwa na gesi na vumbi. Na mwaka 2013 ilikwisha kuelezwa kuwa nyota hizo na nyenzao hupuliza gesi nje kwa upepo mkali. Kinachotupwa hakipungui kile kinachogeuka nyota. Mzazi hujimaliza kwa uzazi wake.

Basi hata "mlipuko" ulikuwa kosa. Ni kweli nyota kubwa miongoni mwa hizo hulipuka baada ya miaka milioni chache, lakini mimi niliutia mwisho mahali pa mwanzo. Siku hizi huandika "mchipuko wa nyota", na gesi naiita "iliyosongamana".

Kijitabu hakikuchapishwa tena. Nilirudi skulini na kalamu, nikasahihisha kwa mkono nakala zilizokuwapo kabatini. Msichana yule alikuwa amekwisha kumaliza masomo, na hakuna aliyejua alikokwenda. Naandika haya nikitumai yatamfikia. Mwanangu, waliokucheka hawakujua, wala mimi sikujua. Gesi ile huanguka. Huanguka ndani yake yenyewe, ikivutwa na uzito wake, hadi ikawaka. Na nyota zote ulizowahi kuziona zilianza hivyo.