Akiki, Shohamu na Ndimu

Sanduku la bibi likifunguliwa baada ya arubaini, warithi huhesabu dhahabu kwanza. Pete ya akiki huwekwa kando pamoja na mkufu wa lulu, mpaka mjukuu mwenye bidii akate ndimu na kuvisugua vyote ving'are. Nia njema, hasara kubwa.

Akiki haina neno. Ni ndugu wa shohamu, ile onikisi ya madukani. Zote ni za jamii ya kwatzi, na ugumu wake wafikia 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho kilele chake ni almasi, 10. Lakini lulu haizidi 4.5, na marijani ni 3 hadi 4. Hizo mbili zimejengwa kwa chokaa ya viumbe wa baharini, na ndimu hula chokaa. Mng'aro ukishakwenda haurudi. Hata marashi huidhuru lulu. Basi mwanamke ajifukize na kujipaka kwanza, mkufu auvae mwisho. Feruzi nayo hunywa mafuta ya mwili, buluu yake ikageuka kijani. Wala akiki isilale kifuko kimoja na lulu, kwani itaikwaruza.

Wapo wanaovunjika moyo wakisikia kwamba weusi wa shohamu mara nyingi ni wa kupikwa. Jiwe hulowekwa katika maji ya sukari, kisha tindikali kali huiunguza sukari hiyo ndani ya vitundu vya jiwe, ikawa kaa jeusi. Akiki nyekundu za Khambhat, huko Gujarat, nazo zilichomwa motoni hata chuma kilichomo kikatoa wekundu. Ndizo ushanga uliovuka bahari karne nyingi hadi Kilwa. Huo ni ufundi, na aliyeuvaa hakudanganywa. Aliyedanganywa ni yule aliyeuziwa marumaru yenye michirizi kwa jina la onikisi: tone moja la ndimu huiachia doa.

Kwa vito vyenyewe, kitambaa laini chenye unyevu chatosha, kisha kikavu. Fedha ya pete ikififia, isuguliwe peke yake, polepole, bila kuligusa jiwe. Na lulu zivaliwe, hata kama mwenyewe hayupo tena. Zikifungiwa miaka mingi mahali pakavu mno, hupasuka.