Barua kwa Mwenye Bosi

Nkwenda, Kyerwa
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Mvua imekuja vizuri na maharage yamechipua. Simu yako ya Ijumaa usiku niliisikia yote, ingawa mtandao ulikuwa unakatakata na wewe ulikuwa unalia huku ukisingizia mafua. Tangu jana nimekupigia mara nne, simu imezimwa. Basi nimechukua kalamu, na kesho alfajiri barua hii inapanda gari la kwanza la kuja Kayanga. Karatasi haizimwi.

Kwanza mkono wako. Ulinitajia kwa kupita tu, kwamba ulipomshika mbwa wako Bosi shingoni kumvuta kutoka kwa mwenzake ulipata mkwaruzo na hujui ni jino la nani. Mimi hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mate ya mbwa yakikuta ngozi iliyochubuka, huo si mkwaruzo wa mti. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima kwa kutazama saa, kisha nenda Nyakahanga hospitalini ukawaeleze ilivyokuwa. Usiseme siku zimepita. Hata kama zimepita tatu, nenda. Chanjo ya mtu ni sindano za mfululizo, na kazi yake ni kuwahi kabla ugonjwa haujajitokeza. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, hakuna daktari wa Bukoba wala wa Ulaya atakayekurudisha. Atakayekushauri upake majivu au mafuta ya taa, mwitikie kwa adabu, halafu endelea na safari ya hospitali.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Bosi amemng'ata mbwa wa mwalimu, jioni, njiani, watu wanatoka gulioni Omurushaka. Wamekucheka, wakasema ndiyo faida ya kutembeza mbwa kama mzungu. Waache wacheke. Mbwa anayefungwa bandani Jumatatu hadi Jumatatu ndiye anayerarua watu siku mlango ukisahaulika wazi, na hao wanaocheka wanaye wa namna hiyo nyumbani. Kumtembeza hukukosea. Kilichonishtua ni yale uliyoyasema mwishoni haraka haraka: kwamba ulimburuta Bosi ukaondoka bila neno, kwamba kwa mwalimu hujaenda, na kwamba siku hizi unapita njia ya nyuma, migombani, kwenda kazini.

Njia hiyo ya migombani mimi naijua. Nimeipita miaka mitatu.

Sijawahi kukusimulia habari za mbwa wetu aliyeitwa Wataongea. Ulikuwa hujazaliwa bado, na wilaya ilikuwa moja tu, Karagwe. Huku Kyerwa tulikatwa kuwa wilaya mwaka 2012. Mjomba wako, mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani wa chini. Kila mmoja alidai mwenzake amesogeza milamula, ile miti ya mpakani. Unaona kichekesho, mti wenyewe jina lake ni la kuamua ugomvi. Basi mjomba wako akaleta mbwa, akamwita Wataongea, na kila jioni alisimama uani akamwita kwa sauti ya kufika bondeni: "Wataongea! Wataongea!" Hakuna aliyedhani anamwita mbwa. Wengi enzi zile walifanya hivyo. Ulitaka kujua nyumba ina kinyongo gani na jirani, ulisikiliza majina ya mbwa.

Asubuhi moja nateremka kisimani, mbwa ananifuata. Kwenye kile kijia chembamba nikakutana na mke wa jirani, ndoo kichwani, na kambwa kao keusi kanatangulia. Hapakuwa na pa kupishana. Wataongea alikakamata bega, akakatikisa mara mbili, akakaachia. Ndoo ya mama yule ilimwagika yote. Mimi nikapiga kelele, "Wataongea, acha!" Hebu fikiria jina hilo lilivyomwingia masikioni.

Nilikaangalia kale kambwa. Palikuwa na matundu mawili, kila moja kama punje ya haragwe, damu kidogo. Nikasema, "Mbwa ni mbwa, atapona mwenyewe," nikachota maji yangu nikapanda. Sikujua, na wewe nataka ujue: jino la mbwa hutoboa padogo juu, ndani hupasua ngozi ikaachana na nyama, na uchafu unabaki humo kama kwenye mfuko uliofungwa. Tundu la juu linajifunga mapema, wewe unadhani kidonda kimepona. Siku ya nne bega lilivimba kama papai. Ya sita kalikuwa kananuka. Kakafa.

Mama yule hakuja tena kuomba chumvi. Tulipomwoza binti yetu mkubwa alipita barabarani, hakugeuza shingo. Mwaka wa tatu mama mkwe akanishika mkono, akamtwika mtoto mkungu wa ndizi, tukateremka. Niliomba radhi nikalia. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ungekuja siku ile na maji ya moto tu." Hakusema zaidi. Akatukaribisha ndizi.

Kwa hiyo ukimaliza Nyakahanga, nenda kwa mwalimu. Nenda mwenyewe, usimtume rafiki wala usitume ujumbe wa simu. Bosi mwache amefungwa nyumbani. Ukifika, sema kwanza kwamba mbwa wako ndiye aliyeng'ata na kwamba umechelewa kuja. Nakujua, ulimi wako una tabia ya kuongeza "lakini". Usiongeze. Hata kama wa kwake ndiye aliyeanza kubweka, hata kama hakufungwa kamba, hayo mwalimu anayajua na atayasema mwenyewe akitaka, siku nyingine, moyo ukishatulia. Akifoka, kaa kimya ukiwa umesimama. Kisha omba kumwona mbwa.

Mtazameni pamoja. Manyoya huficha, pitisheni vidole polepole shingoni, nyuma ya masikio na chini ya mapaja, mdomo umefungwa kitambaa kwa usalama wenu, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake. Palipotoboka paoshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi kidogo. Msimpe Panadol wala diclofenac. Vidonge hivyo vya kwetu vinaweza kumwua mbwa. Palipovimba, palipo na usaha, au akikataa kula, ni kazi ya afisa mifugo. Mwambie mwalimu kwamba gharama ni yako, na siku hiyo hiyo ulipe. Usisubiri akutajie hesabu, wala usiende na bahasha ya pesa kama mtu anayenunua ukimya. Pesa iende kwenye dawa.

Nenda na kadi ya chanjo ya Bosi. Unayo? Nakumbuka mwaka jana ulisema umekwenda kumchanja, nikakuamini bila kuiona. Kama unayo, mwonyeshe mwalimu, utaona mabega yake yanavyoshuka. Kama huna, sema ukweli, maana hapo hesabu inabadilika: afisa mifugo lazima ajulishwe, mbwa wote wawili wafungwe, waangaliwe, na yeye ndiye atakayesema kwa muda gani na nani achanjwe tena. Mbwa aliyeng'atwa huangaliwa muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa sababu ugonjwa huu hulala mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kujionyesha. Usidhani namkuza panya awe tembo. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani huwa wameambukizwa na mbwa. Na sisi tunapakana na pori. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zimekuwa hifadhi za taifa tangu 2019, na huko mna mbweha na fisi ambao hawajawahi kuona sindano. Bwana mifugo wetu hutuambia kila 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwamba wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walichanja mpaka ukakatika, ukarudi, wakachanja tena. Kisiwa kizima kimeweza, wewe mwenye mbwa mmoja utashindwaje?

Juu ya Bosi mwenyewe. Umesema jamaa wa kijiweni wamekushauri umwue, ati mbwa akishaonja damu hawezi kuacha. Hao ndio wanaomtupia mifupa na utumbo siku ya kuchinja. Damu ameionja tangu utoto. Kugombana na mbwa mwenzake si sawa na kuwinda watu. Wala usimpige sasa, siku zimeshapita. Hajui unamlipizia nini, atakachojifunza ni kukuogopa wewe. Kaa chini ukumbuke ilivyokuwa dakika ile. Ulisema njia ilikuwa nyembamba, na ulipomwona wa mwalimu ulivuta kamba ikakaza. Ndiyo hiyo. Mbwa wawili wakikutanishwa uso kwa uso, mmoja amekabwa shingo na bwana wake anatetemeka, yule wa kwenye kamba anaona hana pa kukimbilia. Mbwa wasiofungwa, ukiwatazama, hukaribiana kwa kuzunguka, ubavu kwa ubavu, wakinusana nyuma. Wana ustaarabu wao. Wewe ulimnyima nafasi ya kuutumia.

Ukimwona mbwa mwingine kwa mbali, toka njiani mapema, ingia kando shambani, mgeuze Bosi ampe mwenzake kisogo na uendelee kutembea kamba ikiwa legevu. Watu watakushangaa. Mtafutie pia kikapu cha mdomo, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, umzoeshe nyumbani kwa kumpa chakula ndani yake, ndipo utoke naye. Saa za gulio msitoke. Na ikitokea tena, Mungu apishe mbali, mkono wako usiingie katikati. Mwagia maji, tupa koti vichwani mwao, au wewe na mwenye mbwa wa pili kila mmoja amwinue wake miguu ya nyuma na kurudi naye kinyumenyume. Wewe ulishika shingo. Una bahati ya kubaki na vidole.

Jambo la mwisho, nalo ni lako, si la Bosi. Uliniambia ukimshika kamba sasa mikono inatetemeka. Itatetemeka. Hata mimi nilikaa muda mrefu nikisikia mbwa wanabweka bondeni nasimamisha jembe. Anza uani, dakika chache, alfajiri kabla ya watu. Ukiona kamba inacheza kwa woga wako, kaa chini naye mpaka itulie. Hakuna anayekuhesabia siku.

Baba yako sijamwambia, na sitamwambia mpaka uwe umetoka kwa mwalimu. Washa simu. Jumanne jioni nitakupigia nikuulize mambo matatu: Nyakahanga wamesemaje juu ya mkono, kadi ya Bosi ina muhuri wa lini, na mbwa wa mwalimu anakula?

Kijana atakayekuletea barua hii amebeba na mkungu wa ndizi. Si wako, ni wa mwalimu.

Shangazi yako