Ukilala Hell's Gate, usiamini jivu

IWAPO shule zimefungwa na wanao wamechoka kutazama televisheni, si lazima uwapeleke Mombasa ndipo waseme wametembea. Panda matatu ya Naivasha na ubebe hema. Mbuga ya Hell's Gate iko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ni ndogo, kilomita 68 za mraba tu, na tangu ifunguliwe mwaka 1984 imependwa kwa jambo moja: humo unaweza kutembea kwa miguu au kwa baiskeli huku pundamilia na twiga wakikutazama.

Utaingilia lango la Elsa, lililopewa jina la yule simba wa Joy Adamson. Mbele kidogo utaona Mnara wa Fischer, jiwe refu lililosimama peke yake kama mlinzi. Nao magenge mekundu jioni, jua likiyapiga, hayahitaji maelezo yangu.

Kambi za Ol Dubai na Naiburta ziko juu ya magenge hayo. Huko utakuwa zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku haina mzaha. Kila mtu atataka moto. Na kwa kweli, kambi bila moto ni nini? Watoto watachoma mahindi, baba atasimulia hadithi ambazo mama amezisikia mara ishirini.

Lakini itazame nchi hiyo kabla hujatoa kiberiti. Mnamo Januari na Februari nyasi hukauka kabisa, na upepo huvuma tangu adhuhuri. Kichaka kilichojaa pale ni leleshwa, ambacho majani yake ya kijivu yana mafuta yenye harufu ya kafuri. Huwaka hata kikiwa kibichi. Cheche moja ikifika hapo, ndoo yako ya maji haitafua dafu. Kumbuka yaliyotokea Kilimanjaro Oktoba 2020. Wakuu wa Tanzania walisema dalili za mwanzo zilionyesha kwamba moto ule uliwatoroka wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni, na wazimaji walipambana nao kwa siku kadhaa.

Kwa hivyo, uliza langoni kama moto unaruhusiwa siku hiyo na kuni zinapatikana wapi. Usikate kichaka. Tumia meko yaliyokwisha kutumiwa na wengine, kisha ufyeke nyasi kavu pande zote kiasi cha hatua tatu. Hema lisimame mbali, upande unakotoka upepo, maana nailoni ikiguswa na cheche hutoboka au kuyeyuka. Mawe ya meko yasiwe yale meusi yanayong'aa kama kioo, ambayo yametapakaa Hell's Gate, wala yaliyookotwa kwenye maji. Yakipata joto yanaweza kupasuka na vipande kuruka machoni. Petroli na mafuta ya taa yakae mbali kabisa.

Haya yote wengi wanayajua. Wanapokosea ni wakati wa kulala. Mtu huona ndimi za moto zimeisha, anamwaga udongo juu, anaingia hemani akijipongeza. Udongo huo ni blanketi. Makaa yaliyofunikwa hukaa na joto usiku kucha, bila moshi wala mwanga wa kukuonya. Alfajiri mtoto anatoka pekupeku kwenda kukojoa, anapita juu ya kile anachodhani ni mchanga. Ngozi ya nyayo zake ni nyororo, na huungua mara moja.

Zima kwa maji, si kwa udongo. Mwaga, koroga kwa kijiti mpaka chini, mwaga tena mpaka sauti ya kuchemka iishe. Kisha sogeza mgongo wa kiganja chako karibu na jivu. Ukihisi joto, bado. Ndiyo sababu nasema beba jerikeni moja zaidi, lita 20 za moto peke yake, hata kama kijana wako atanung'unika kulibeba.

Kuna hatari nyingine isiyo na cheche. Baridi ikizidi, wapo wanaoingiza jiko la makaa hemani na kufunga zipu. Jiko hilo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Waliolala hawaamki. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, hata likionekana limekufa, nanyi mvae soksi na sweta mbili.

Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Vua pete na nguo zilizo karibu na kidonda, ila zilizoshikana na ngozi ziache. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia, ambavyo kila shangazi atakupendekezea, vibaki jikoni. Funika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazonata, kisha mpeleke hospitali mjini Naivasha. Kwa hivyo kabla jua halijatua, hakikisheni mnajua ni nani mwenye gari kambini, na nambari ya simu ya langoni iwe imeandikwa kwenye karatasi, kwani betri za simu huisha.