UPEPO WA MLIMA UNAOLETA JOTO



Kwetu Kivu kila mutu anajua kwamba upepo unaoshuka usiku kutoka mlimani ni wa baridi. Ndiyo sababu wengi katika darasa letu la sita walicheka waliposikia kwamba kuna inchi ambako upepo wa mlima unayeyusha theluji katikati ya majira ya baridi. Lakini si hadithi. Watu wa Uswisi na Austria wanauita Föhn. Mashariki ya milima ya Rocky, katika Marekani na Kanada, jina lake ni Chinook.

Joto lake linatoka wapi? Zamani wenye elimu wengine wa Uswisi walisema linatoka huku Afrika, katika jangwa la Sahara. Mwaka 1866 Julius Hann wa Austria alionyesha kwamba sivyo: joto linazaliwa katika kushuka kwenyewe. Shika pompi ya baiskeli wakati wa kujaza hewa, utaona inapata moto, kwa kuwa hewa inakazwa. Hewa inayoshuka mlima inakazwa vilevile, na kila mita 100 inaongeza digrii 1. Lakini ilipokuwa ikipanda upande wa pili ndani ya mawingu, ilipoteza digrii 0,6 tu hivi kila mita 100, maana mvuke unapogeuka maji unarudisha joto.

Tufanye hesabu. Hewa ya digrii 10 inapanda mita 2.000 katika mawingu: inafika –2. Ikishuka mita 2.000 bila mawingu inafika 18! Upepo wetu wa usiku haupati bahati hiyo, kwa sababu unatambaa juu ya udongo uliopoa, na udongo unaunyang'anya joto.

Katika mji wa Spearfish, Marekani, tarehe 22 Januari 1943 asubuhi, baridi ilikuwa digrii –20. Baada ya dakika mbili tu ikawa 7 juu ya sifuri. Kisha upepo ukakoma, baridi ikarudi kama mbele, na vioo vya madirisha vikapasuka.

Upepo huu unasaidia: theluji inaondoka, ng'ombe wanapata majani. Lakini unakausha mbao za nyumba, na cheche moja inatosha. Usiku wa tarehe 10 Mei 1861 Föhn ilivuma juu ya mji wa Glarus, Uswisi, moto ukashika, na nyumba karibu 600 zikateketea. Katika mabonde yale watu waliwekwa kuzunguka usiku wakati wa Föhn, mlango kwa mlango, kuangalia kama kila jiko limezimwa.

Sisi makapita tunaifahamu kazi ile. Saa tatu za usiku tunapopita vyumbani kuangalia taa na mishumaa, tunasikia: «Kapita, munatusumbua bure, hii moto iko kidogo!» Ndiyo, Föhn haiko kwetu. Lakini kiangazi kiko, upepo uko, na magodoro yetu ni ya majani makavu. Moto wa Glarus nao ulianza kidogo.

Mwaka ujao hatutakuwa hapa. Wengine watashika kazi hii. Wakipita, muwaonyeshe mshumaa uliozimwa, kisha mulale salama.