Nyumba Juu ya Nyumba

Huku kwetu Tarime na Serengeti mtu akitaka nafasi zaidi hujenga nyumba ya pili kando ya ile ya kwanza. Katika miji mikubwa viwanja ni haba na ghali. Kwa hiyo watu hujenga nyumba juu ya nyumba. Hayo ndiyo maghorofa.

Magomeni, Dar es Salaam, yapo maghorofa ya namna hiyo. Serikali iliyajenga kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikikaa hapo zamani katika nyumba za chini. Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua mwezi Machi, 2022. Kaya 644 ni kijiji kizima! Huko Dubai kuna jengo liitwalo Burj Khalifa, lililofunguliwa mwaka 2010. Urefu wake ni mita 828, na ndani yake wamo watu wanaoishi, wanapika na kulala.

Je, mbona haliangukI? Kwetu ukuta ndio unaobeba paa. Kwenye ghorofa mzigo hubebwa na nguzo na mihimili ya zege lenye nondo. Kuta huziba tu. Nguzo nazo husimama juu ya msingi uliochimbwa chini sana. Zege likiwa hafifu huja maafa. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka. Watu 36 walikufa. Vijana wetu wanaokwenda mjini kutafuta vibarua vya ujenzi wajue jambo hili.

Binti yangu na mumewe wamepanga ghorofa ya tisa katika jengo moja la mji huo. Mwaka jana nilimpeleka mama yangu kwao, ili atibiwe miguu. Tulipandishwa na lifti. Hiki ni chumba kidogo kinachoning'inia kwenye kamba nene za chuma. Upande wa pili wa kamba umefungwa uzito mkubwa. Lifti ikipanda, uzito hushuka. Mota ya umeme ndiyo inayovuta. Mama alinishika mkono mpaka mlango ulipofunguka.

Ndani mlikuwa safi. Maji husukumwa na pampu hadi kwenye matangi ya juu, kisha hushuka yenyewe kwenye mabomba. Mama alifungua bomba, akafunga, akafungua tena. Alikumbuka ndoo alizobeba kichwani tangu utoto. Jiko ni la gesi. Kutwanga hakuruhusiwi, maana wa chini watalalamika. Kuku pia hawaruhusiwi. Choo kimo ndani, nacho ni kimoja. Wewe unayejua heshima ya mtu na mkwe wake utaelewa kwa nini nilikuwa naamka alfajiri kabla ya wote.

Siku ya tatu umeme ulikatika. Jenereta la jengo halikuwa na mafuta. Mama alitakiwa awe hospitali saa mbili asubuhi. Kutoka ghorofa ya tisa hadi chini nilihesabu ngazi 162. Mkwe wangu na mlinzi walimbeba juu ya kiti, wakapumzika kila ghorofa. Walipofika ya nne mama aliuliza:

"Baba, huku juu mtu akifa hushushwaje?"

Mkwe wangu hakujibu. Alifuta jasho, wakaendelea.

Tulichelewa, lakini daktari alimwona. Jioni mama alikataa kurudi juu. Alimalizia matibabu kwa ndugu zetu wa Gongo la Mboto, katika nyumba ya chini yenye mwembe uani. Binti yangu alilia. Alidhani amemwudhi bibi yake. Sasa yeye na mumewe wanatafuta nyumba ya ghorofa ya kwanza au ya pili, na kabla ya kulipa kodi wanauliza habari za jenereta.

Mama yupo nyumbani, anatembea kwa fimbo. Kitu kimoja anakisifu hadi leo, nacho ni dirisha. Kutoka pale aliona bahari, na meli zikingoja kuingia bandarini. Alizihesabu kila asubuhi.