Goti Langu na Mawimbi ya Kishindo

Mtu mwenye afya hajui kwamba ana magoti. Ajua kuwa ana macho kwa sababu yanamwonyesha dunia, na ajua kuwa ana tumbo kwa sababu lina njaa. Lakini goti hulikumbuka siku linapomkataa. Mimi nililikumbuka langu nilipokuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, katika ngazi za shule ninayofundisha mjini Morogoro, nikishuka na madaftari ya wanafunzi kifuani. Kupanda kulikuwa na taabu ndogo. Kushuka kulikuwa na taabu kubwa. Chini kidogo ya pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa, palikuwa na maumivu ya mahali padogo, upana wa ncha ya kidole, lakini makali kama msumari.

Habari hii singaliiandika lau si kwa swali niliotumiwa na mpwa wangu. Ni kijana wa miaka kumi na tisa, mchezaji wa mpira wa wavu katika chuo anachosoma. Alisema: "Mjomba, shikamoo. Goti langu limeshikwa na maradhi kama yaliyokushika wewe. Mama amepokea zamu yake ya upatu, naye yu tayari kunilipia ile tiba ya mashine uliyotibiwa Dar es Salaam. Je, ilikuponya?"

Swali lilikuwa fupi, na nilidhani jibu lake litakuwa fupi vilevile. Nilipoketi kulijibu, mkono ulisita. Fedha za upatu wa dada yangu nazijua zinakotoka. Zatoka katika maandazi anayoyakaanga kabla ya alfajiri, na katika moshi unaomtoa machozi watu wengine wakiwa wamelala. Fedha za namna hiyo hazitumiwi kwa jibu la mzaha. Ikanipasa nijiulize kwanza mimi mwenyewe: goti langu lilitibiwa na nini?

Tuitazame kwanza kano yenyewe. Msuli mkubwa wa paja hauna njia ya kuufikia mfupa wa muundi isipokuwa kwa kamba. Kamba hiyo hupita juu ya pia ya goti, ikashuka, ikajifunga mbele ya muundi. Sehemu yake ya chini, iliyo fupi kuliko kidole, ndiyo inayochukua mzigo kila mtu anaporuka na kutua. Na mzigo huo hupita uzito wa mwili wake mara kadhaa. Katika mwaka 1973 daktari Blazina na wenzake, huko Marekani, waliyaita maradhi ya mahali hapo goti la mrukaji. Jina ni la haki. Wataalamu wa Norwei waliowachunguza wanamichezo wa daraja la juu nchini mwao walitoa habari katika mwaka 2005 kwamba karibu wachezaji 45 katika kila 100 wa mpira wa wavu walikuwa nayo. Mimi sikuwa wa daraja la juu, lakini nilianza kuruka mbele ya wavu nikiwa mwanafunzi, na nikaendelea kuruka na wanafunzi wangu katika kiwanja cha udongo mwekundu, nikiwa na mwili ulioongezeka uzito na moyo usiotaka kukubali.

Kwanza nilitumia tiba za nyumbani. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, mwenye vidole vilivyojua kazi yake, alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Nilipata raha ya jioni moja kila mara. Kisha nikapumzika miezi miwili, wala sikugusa mpira. Maumivu yakatulia, nikashukuru. Nikarudi kiwanjani, nayo yakarudi pamoja nami. Kupumzika kulinihadaa. Kulinyamazisha kano bila kuiimarisha, kwa kuwa kano isiyobeba kitu huzidi kudhoofika, na siku ya kupewa mzigo hulalamika zaidi.

Ndipo nikasikia habari za mashine. Nilisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, goti likiwa limekunjwa njia nzima kama mfungwa, nikafika katika kliniki moja ya tiba ya viungo. Tabibu, kijana mpole, aliyaangalia maradhi kwa mkono na kwa picha, akanieleza kuwa tiba yake haina kisu wala sindano. Alinipaka jeli ya baridi, akashika chombo mfano wa bastola, akakiweka juu ya pale penye msumari wangu. Hewa iliyoshindiliwa husukuma kipande cha chuma ndani ya chombo hicho kama risasi isiyopewa ruhusa ya kutoka. Kipande hugonga kichwa cha chombo, na pigo hilo huingia mwilini kwa mawimbi. Nilipigwa mapigo 2,000 kwa muda wa dakika chache. Sauti yake ni kama ya fundi anayepigilia misumari midogo kwa haraka, na maumivu yake ni ya kukazia meno. Nilirudi mara tatu, kila wiki mara moja, na gharama yote pamoja na nauli ilimeza nusu ya mshahara wa mwezi. Siku ya mwisho tabibu alinipa karatasi moja ya mazoezi. Niliikunja, nikaitia mfukoni.

Asili ya tiba hii ni ya ajabu, na ilinitia imani kubwa. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, huko Ujerumani, walikuwa wakichunguza hasara inayopata ndege iendayo kasi kuliko sauti inapogongana na matone ya mvua. Walitambua kuwa tone dogo huweza kuzaa wimbi la kishindo linalopita ndani ya kitu kigumu na kukidhuru mahali pasipoonekana. Wazo likazaliwa: kama wimbi hupita majini bila kupoteza nguvu, na mwili wa mwanadamu kwa sehemu kubwa ni maji, basi wimbi laweza kupelekwa ndani ya mwili hadi kwenye jiwe la figo, likalivunja jiwe na kuiacha ngozi salama. Mnamo tarehe 7 Februari 1980, mjini München, Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo. Katika mashine za mwanzo mgonjwa aliketishwa ndani ya maji. Cheche ya umeme ilipigwa chini yake, na bakuli la chuma likayakusanya mawimbi yote mahali pa jiwe. Jiwe lililohitaji kisu likawa mchanga wa kutoka kwa mkojo.

Kutoka kwenye mawe, tiba ilihamia kwenye mifupa iliyokataa kuungana, kisha kwenye kano za bega, za kisigino, za kiwiko na za goti. Lakini hapa msomaji atambue tofauti mbili ambazo mimi sikuzitambua kwa wakati. Kwanza, mashine ya hewa iliyonitibu, kwa kusema kweli, haitoi wimbi la kishindo kamili. Hutoa mawimbi ya shinikizo, ambayo hupanda polepole zaidi na hutawanyika yanapoingia mwilini. Pili, jiwe ni adui wa kuvunjwa, na kano ni rafiki wa kujengwa. Katika figo twajua wimbi lilifanya nini, kwa sababu jiwe halipo tena. Katika kano wengine husema huzituliza neva za maumivu, wengine husema huziamsha chembe za mwili zijenge upya, na mjadala haujafungwa.

Mwezi wa kwanza baada ya tiba nilikuwa na furaha ya mwenye mkopo uliofutwa. Nilishuka ngazi bila kushika ukuta. Nikacheza. Katika mwezi wa tatu msumari ulirudi, tena mrefu zaidi. Nilikasirika, nikasema mashine ni ulaghai. Nilipoitafuta ile karatasi ya mazoezi niliikuta imefuliwa pamoja na suruali. Wino ulikuwa umekuwa wingu la buluu. Nililazimika kumpigia simu tabibu kumwomba nyingine. Aliniuliza, "Mwalimu, mazoezi uliyafanya?" Nikajibu, "Kidogo." Hilo lilikuwa uongo. Mimi, ninayewaadhibu wanafunzi kwa kutofanya kazi ya nyumbani, sikuwa nimefanya hata moja. Alinyamaza kidogo, kama wanyamazavyo walimu, akanitumia karatasi ya pili.

Kazi ile haikuwa na uzuri wowote. Kwanza niliegemea ukuta kama mtu aketiye juu ya kiti kisichokuwapo, nikahesabu sekunde arobaini na tano, mara tano, siku kwa siku. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuchuchumaa na kuinuka polepole sana na mfuko wa mchanga mabegani, kisha mfuko mzito zaidi. Maumivu madogo yaliruhusiwa, makubwa yalikatazwa. Kuruka kulikuja mwisho, kwa kipimo, na mpira baada ya kuruka. Hakuna aliyenitazama isipokuwa kuku wa jirani. Wiki nyingi zilipita bila faida ninayoweza kuionyesha. Katika mwezi wa sita nilishuka ngazi na madaftari yangu, na nilipofika chini ndipo nilipotambua kuwa sikuwa nimelifikiri goti.

Basi nani aliniponya? Nilitafuta ushahidi kwa watu waliopima kuliko mimi. Huko Taiwan, katika mwaka 2007, Wang na wenzake waliripoti kuwa waliotibiwa kwa mawimbi walipata nafuu kuliko waliopewa tiba za kawaida. Lakini Uholanzi, katika mwaka 2011, Zwerver na wenzake waliwachukua wanamichezo 62 waliokuwa wakiendelea kucheza, wakawapa nusu yao mawimbi ya kweli na nusu mawimbi ya kuigiza. Baada ya wiki 22 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu iliyolingana. Katika mwaka 2017 watafiti wa hukohuko waliunganisha mawimbi na mazoezi, wakaona mawimbi hayakuongeza kitu juu ya mazoezi. Hata kisu hakikupata ushindi: Wanorwei walipolinganisha upasuaji na mazoezi katika magoti 40, mwaka 2006, upasuaji haukuyapita mazoezi baada ya miezi kumi na miwili. Na huko Rotterdam, mwaka 2021, wanamichezo 76 walifuatwa kwa wiki 24. Waliozidishiwa mzigo hatua kwa hatua, kwa mfano wa ile karatasi yangu, ndio waliotengenea zaidi.

Sisemi kwamba mashine haikunifaa kitu. Huenda ilinipunguzia maumivu kiasi cha kuniwezesha kuanza. Nasema tu kwamba niliitukuza kwa kazi isiyokuwa yake, kisha nikaitukana kwa kosa lililokuwa langu. Ziko tiba za kupokea na ziko tiba za kutenda. Tiba ya kupokea ina sauti, ina bei, na ina bwana wake aliyevaa koti jeupe. Nasi twalala tukingojea. Tiba ya kutenda haina sauti wala shahidi, na gharama yake hulipwa kila siku. Ndiyo sababu mtu yu radhi kutoa nusu ya mshahara kuliko kutoa dakika kumi za alfajiri.

Nilisoma jambo moja zaidi lililonigusa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalieneza kaboni ya namna ya pekee hewani, ikaingia katika miili ya viumbe. Watafiti wa Denmark, katika mwaka 2013, walitumia alama hiyo kupima umri wa kano ya kisigino, wakaona kiini chake hufumwa katika miaka kumi na saba ya mwanzo wa uhai, na baada ya hapo hakifumwi upya kwa kiasi cha kuonekana. Ikiwa kano ya goti ni ndugu wa ile ya kisigino katika tabia hiyo, basi natembea juu ya kamba niliyosokotewa nikiwa mtoto, na mpwa wangu amemaliza kusokotewa yake juzi. Mali ya namna hiyo hutunzwa, haibadilishwi dukani.

Nilimjibu hivi: alipe kwanza tabibu mmoja wa viungo, ayathibitishe maradhi na kumfundisha mazoezi, apunguze kuruka, azihesabu wiki 24 bila kujidanganya, na ikiwa baada ya hapo goti bado linakataa, tutazungumza habari za mashine.

Jioni ile dada yangu alinipigia simu kwa hasira. "Mdogo wangu," alisema, "wewe ulipoumwa ulikwenda kwenye mashine. Mwanangu wamwambia abebe mchanga?" Ulikuwa mshale wa haki. Sikuwa na ngao ila kweli, nami nikamweleza habari za ile karatasi iliyofuliwa na ule uongo wa "kidogo", ambazo sikuwahi kumweleza mtu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayepima unga, "Huo mfuko wa kwanza ulikuwa wa kilo ngapi?"

Sasa ni wiki ya tisa. Kijana asema bado anaumwa, ila kidogo. Na mama yake, anayeamka kabla yake, asema neno hilo safari hii ni la kweli.