Harusi bomba bila kukopa: twende Kariakoo mpaka Kigamboni

MSOMAJI wangu, kama mwenzetu umeshavishwa pete ya uchumba halafu mifuko imetoboka, usikunje uso. Vaa raba zako, weka nauli mfukoni, kisha nifuate. Leo tunakwenda matembezi ya siku moja hapa hapa Dar es Salaam, tunaanzia Kariakoo na kumalizia ng'ambo ya maji, Kigamboni. Njia hii niliipita Machi 2023 nikiwa na dada yangu, na nakwambia kweli tupu, ndiyo iliyomnusuru.

Kisa chenyewe kilianzia nyumbani kwetu Buguruni. Kamati ya harusi ilikaa, ikaja na bajeti ya Sh. milioni 14. Watu 300, ukumbi wa Sinza, keki ya ghorofa, MC mwenye jina na magari matano ya msafara. Kadi za mchango zikagawiwa mpaka kwa watu tusiowajua. Baada ya vikao sita ahadi zilikuwa zimefika milioni tisa, lakini mkononi palikuwa na laki tisa tu! Wabongo bwana, kwa kuahidi hatujambo. Ukijumlisha na milioni mbili ambazo maharusi wenyewe walikuwa wamejiwekea, jumla ilikuwa Sh. 2,900,000.

Sasa hapo ndipo akajitokeza jamaa mmoja wa mikopo ya mtaani. Alikuwa tayari kutoa milioni tano, lakini dhamana alitaka mashine ya kurandia mbao ya shemeji. Shemeji yangu ni fundi seremala. Mashine ile ndiyo ugali wake, ndiyo kodi ya chumba. Mama mdogo yeye akashikilia bango: "Chukueni hizo hela, wanangu. Deni litalipika, aibu haifutiki." Usiku dada akanivuta pembeni, macho mekundu. "Mdogo wangu, kesho nisindikize Kariakoo. Nataka nijionee mwenyewe hivyo vitu vinauzwaje."

Basi kesho yake saa mbili asubuhi tukawa tuko Mtaa wa Kongo. Kama wewe ni mgeni wa jiji, jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waswahili walilitamka kwa mdomo wao, likawa Kariakoo. Jengo la soko kuu, lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa, lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 liliungua moto. Lakini Kariakoo siyo jengo moja. Ni mitaa, na Mtaa wa Kongo una watu wengi kiasi kwamba ukisimama kufunga kamba ya kiatu unasukumwa mpaka duka la tatu.

Somo la kwanza tulilipata pale pale. Dada aliingia duka la vitambaa, akasema kwa furaha, "Natafuta cha harusi yangu." Muuzaji akatabasamu, akamtajia bei. Mimi nikaenda kwenye kitambaa kile kile baada ya robo saa, nikasema nataka cha pazia. Ndugu yangu, bei ilishuka kwa elfu nne kila mita! Tangu hapo neno harusi tukalimeza. Tulikuwa tunatafuta pazia, shuka, na nguo ya kipaimara ya mdogo wetu.

Gauni nalo lilikuwa na maneno. La kununua tuliambiwa laki saba, na baada ya siku hiyo linakwenda kuliwa na mende kabatini. La kukodi, safi kabisa, Sh. 180,000, ukiacha fedha ya dhamana ambayo unarudishiwa ukilirejesha halijachanika. Wasimamizi tuliwachukulia kitenge cha aina moja, kila mtu akashona kwa fundi wa mtaani kwake, na kitu kile anakivaa mpaka leo akienda kanisani.

Jua lilipokuwa kali tukatembea hadi kituo cha Fire, tukapanda mwendokasi mpaka Kivukoni. Pale mbele ya bandari yapo makanisa mawili makongwe, Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Azania Front la Walutheri. Ukikaa ukiyatazama kutoka baharini unaelewa kwa nini watu wanatafuta mandhari ya picha kwa bei mbaya wakati jiji lenyewe limepambwa bure.

Tulipofika Magogoni pantoni ilikuwa ndiyo kwanza imeng'oa. Tukakaa kusubiri, dada akatoa daftari lenye majina 300. Nikamuuliza, hivi sheria yenyewe inataka nini ili mtu ahesabiwe kaoa? Maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina habari na ukumbi, wala keki, wala MC. Inataka hiari ya wawili hao, taarifa ya siku 21 kabla, mfungishaji anayetambulika na mashahidi wawili. Mashahidi wawili, siyo mia tatu!

Dada akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akachukua kalamu. Kwanza tukawaandika wote waliokwisha kutoa chochote, hata aliyetoa elfu tano, kwa sababu ukila mchango wa mtu ukamnyima sahani hiyo siyo kubana matumizi, ni dhuluma. Halafu ndugu wa damu, kisha majirani ambao tunazikana. Waliobaki tukawauliza swali moja: huyu amewahi kula kwetu, au sisi kwake? Kama hapana, kalamu inapita. Kuna majina yalimuuma, nilimwona. Mpaka pantoni inarudi tulikuwa na watu 90.

Na hiyo, msomaji wangu, ndiyo siri yenyewe ya harusi. Wengi wetu tunahangaika kupunguza maua na rangi za mapambo, kumbe kinachotafuna hela ni idadi ya vichwa. Kila kichwa kina sahani yake, soda yake, kiti chake na kadi yake. Ukipunguza watu, uzuri haupungui.

Ng'ambo tukachukua bajaji mpaka Mji Mwema kwa shangazi. Kiwanja chake kina minazi, mwarobaini na upepo wa bahari ambao hakuna ukumbi wa Sinza unaoweza kuukodisha. Shangazi alisikiliza, akasema, "Wanangu, uwanja si huu? Mie miaka yote naufagia kwa ajili ya nani?" Hela ya ukumbi ikafa kifo chake palepale.

Harusi ilikuwa Agosti, mvua ikiwa mbali. Tulikodi viti 100 na maturubai matatu. Vijana wa mtaa walisuka upinde wa makuti getini kama zilivyokuwa harusi za bibi zetu, wakachomeka bogenvilia zilizochumwa ua wa jirani kwa ruhusa yake. Samaki tulinunua soko la Feri, kwenye mnada wa asubuhi. Lakini nakuonya, usiende peke yako, utalizwa. Sisi tulikwenda na mama ntilie ambaye hununua pale kila siku. Yeye ndiye aliyejua ndoo ipi ni ya leo na ipi ni ya jana. Pilau la mchele kilo 16 na nyama kilo 20 likapikwa na shangazi na wenzake kwa kuni.

Kasoro haikukosa. Foleni ya pantoni ilitukalisha karibu saa nzima tukitoka kanisani, na waliopitia Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016, walitutangulia kufika. Mama mdogo, ambaye tangu Machi alikuwa amenuna na kuapa haji "kwenye harusi ya uani", alikuwa kasimama nasi kwenye jua, kimya. Pantoni ilipoingia, dada akashuka kwenye gari, akapanda kwa miguu na gauni lake la kukodi, shemeji kashika ncha. Abiria tusiowajua, wenye matenga na baiskeli, wakampisha njia. Ghafla mtu akapiga kigelegele kirefu. Nikageuka. Alikuwa mama mdogo! Pantoni nzima ikaitikia mpaka tukagusa ng'ambo. Picha zile ndizo kila mtu anaziomba, na hazikulipiwa mapambo hata senti.

Tulipopiga hesabu ya mwisho zilibaki Sh. 240,000, zikaenda kwenye kodi ya chumba. Juma lililofuata nilipita kwenye karakana ya shemeji. Mashine ilikuwa inaunguruma, maranda yanaruka, na haikuwa na deni la mtu.

Haya, na wewe chukua daftari uanze kuhesabu vichwa. Mimi kadi usininyime. Nitatoa, siyo kuahidi!